Mwanangu haimbi tena: kuishi na maudhi ya dawa ya ADHD

SWALI: "Shikamoo daktari. Naishi Tanga, nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Tangu Januari anatumia Ritalin ya miligramu 10 kwa ajili ya ADHD, ile hali ya mtoto kutotulia na kushindwa kumakinika. Kidonge cha kwanza nampa saa moja asubuhi, cha pili akirudi shule saa nane mchana, kwa sababu sitaki shule ijue. Mwalimu anamsifu kwa vipindi vya asubuhi. Lakini chakula hagusi, amepungua kutoka kilo 27 hadi 25 na nusu. Ikifika magharibi anakuwa mkali, analia kwa jambo dogo, na usiku hasinzii mpaka saa tano. Zamani nikimtuma dukani alikuwa anaimba njia nzima, siku hizi haimbi. Mama mkwe anasema namlisha mtoto dawa za kulevya. Siku nyingine nimeanza kutompa, na daktari wake sijamwambia. Niendelee au niache?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pa kuimba. Tutafika hapo. Kabla ya yote nikuondolee hofu moja: hujamdhuru mwanao kwa siku ulizoacha kumpa. Dawa iliyomo ndani ya Ritalin, methilfenidati, haijikusanyi mwilini. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, hufikia nguvu yake ya juu kama saa mbili baada ya kumezwa, na muda wa saa nne ukipita kazi yake imekwisha au inakaribia kwisha. Wewe ni mtu wa Tanga, bahari unaijua: dawa hii hujaa na kupwa, na hufanya hivyo kila siku. Ukilishika hilo, mengi uliyoandika yanaanza kueleweka.

Wauguzi wetu wa kliniki za uzazi wa mpango wana neno ninalolipenda, maudhi. Wanamwambia mama kwamba njia hii ina maudhi yake madogo madogo, kisha wanataja yale ya hatari ambayo akiyaona arudi hospitali siku hiyohiyo. Natamani tungezungumza hivyo kuhusu dawa za ADHD pia. Kukosa hamu ya kula, kuchelewa kusinzia, kichwa au tumbo kuuma wiki za mwanzo, mdomo kukauka, hasira za jioni: haya ni maudhi, yanajulikana, na mengi yana dawa yake, ambayo mara nyingi ni kubadilisha saa au kipimo. Maudhi hayana maana kwamba uyavumilie tu. Kilo moja na nusu kwa mtoto wa kilo 27 si jambo la kufumbia macho, na ningependa daktari wake amwone wiki hii au ijayo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Sasa chukua karatasi tuipange siku ya mwanao. Kidonge cha saa moja asubuhi kinakwisha kama saa tano. Kuanzia saa tano mpaka saa nane yuko shuleni bila dawa yoyote. Halafu anarudi nyumbani, shule imekwisha, na ndipo anapomeza kidonge cha pili, ambacho kitamshika mpaka saa kumi na mbili jioni. Magharibi kinapwa. Unaona? Ile hasira unayoisimulia haiji tu kwa kuwa mtoto ana kiburi au amechoka. Inakuja kwa saa. Dawa inapoteremka, watoto wengi wanakuwa wakali au walizi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, wengine wakorofi kuliko walivyokuwa kabla hawajaanza dawa. Mzazi akiona hivyo hudhani dawa inamharibu mtoto akili, kumbe anachokiona ni dawa ikimtoka.

Na chakula hivyohivyo. Anarudi saa nane ana njaa, lakini kidonge kinatangulia, na sahani inapofika hamu imekatika. Inarudi saa mbili au tatu usiku, wakati sufuria zimeshaoshwa na ninyi mnahangaika alale. Ndiyo maana nasema, kwa jinsi ulivyonieleza, tatizo kubwa liko kwenye saa ya kidonge cha pili, na saa hiyo ilichaguliwa na aibu. Sikulaumu. Najua neno litakalosemwa uwanjani watoto wakisikia mwenzao anameza dawa za hospitali ya akili. Lakini gharama ya siri hii anailipa mtoto mara mbili, mchana shuleni anakosa msaada saa anazouhitaji, jioni anaupata asipouhitaji.

Nikupe mfano wa kitu ninachowaomba wazazi walete kliniki: madaftari. Kuna mama aliniletea manne ya mwanawe, tukayapanga mezani kwa mpangilio wa vipindi vya siku moja. Hisabati, kipindi cha kwanza: tarakimu zimekaa ndani ya visanduku, jibu limepigiwa mstari kwa rula. Kiswahili: herufi zimenyooka. Baada ya mapumziko, Kiingereza: sentensi mbili za kwanza ziko kwenye mstari, ya tatu inapanda, ya nne imeishia katikati na pembeni kuna mchoro wa basi lenye magurudumu sita. Sayansi, kipindi cha mwisho: tarehe tu. Hatukuhitaji kipimo kingine kujua dawa ilikuwa inakwisha saa ngapi. Fanya hivyo kwa madaftari ya mwanao, siku tatu za dawa na siku tatu ambazo hukumpa, umpelekee daktari.

Nadhani daktari ataangalia njia mbili. Ya kwanza ni kukisogeza kidonge cha pili kiwe karibu na saa tano, pale pale shuleni. Hapo dawa itapwa kama saa tisa au saa kumi, na jioni yote itakuwa yake. Ya pili ni dawa ya muda mrefu, inayomezwa mara moja asubuhi na kufanya kazi kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kutegemea aina. Hiyo ya pili inakulindia siri, na kwa watoto wengi haishuki kwa kishindo. Shida zake ni bei na upatikanaji, kwa hiyo uliza kwanza duka la dawa kama wanaweza kuileta kila mwezi bila kukatika. Dawa inayopatikana mwezi huu ikakosekana mwezi ujao inamchosha mtoto. Ukipewa Concerta, kidonge kisivunjwe wala kutafunwa, maana kimetengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo, na ganda lake likionekana chooni usishtuke.

Kama ni njia ya kwanza, mweleze mtu mmoja tu shuleni, mwalimu mkuu au mwalimu wa darasa mwenye kifua. Huna haja ya kutaja jina la ugonjwa mbele ya darasa. "Mwanangu ana dawa ya saa tano, naomba aje ofisini aimeze mbele yako" inatosha. Vidonge vikae kwenye kabati la mwalimu lenye kufuli, mtoto asivibebe mfukoni. Usisogeze saa hizi mwenyewe kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu yeye ndiye aliyempima mapigo ya moyo na presha na anajua kwa nini alianza na kipimo hicho.

Chakula sasa, maana hapa ndipo mzazi ana nguvu kuliko daktari. Usigombane na mtoto saa ambazo dawa imejaa. Njaa hana, na ukimlazimisha utamfanya achukie chakula na wewe pia. Mlishe kabla dawa haijajaa na baada ya kupwa. Asubuhi mwamshe mapema kidogo, chakula kitangulie, kidonge kifuate mezani hapohapo. Na kiwe chakula kizito chenye mafuta na protini: uji wa ulezi uliopikwa na maziwa ukatiwa karanga zilizosagwa, au mayai mawili na kiazi kitamu, au chapati na maharage ya jana ikiwa ndivyo anavyopenda. Kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate hakitoshi kwa mtoto atakayekaa nusu ya siku bila hamu. Mchana mfungie vitu vidogo vinavyolika bila njaa kali, ndizi, karanga, kashata, maziwa ya mtindi, na asipomaliza usimhoji. Kisha akirudi, na dawa ikiwa imeshapwa, kiwepo chakula kamili saa kumi, na kingine saa mbili usiku. Watu wa pwani mnajua kutia nazi. Mtilie bila ubahili, kwenye wali, maharage, samaki, viazi. Parachichi nalo ni rafiki mkubwa wa mtoto anayepungua.

Kuhusu kimo, wazazi huniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto atadumaa. Jibu la kweli ni kwamba dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya kukua. Utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kama MTA, uliowafuatilia watoto 579, uliona kwamba baada ya miaka mitatu wale waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 2, na wepesi kwa kilo 2.7, kuliko wenzao wasioitumia. Si jambo la kutisha, na si la kupuuza. Miongozo ya Uingereza inataka mtoto wa miaka 10 au chini apimwe uzito kila miezi mitatu na kimo kila miezi sita. Mwombe muuguzi aandike namba hizo kwenye daftari lako mwenyewe, na tarehe, kwa mizani ileile kila mara. Mstari wa kalamu kwenye fremu ya mlango wa chumba nao husaidia, mtoto mwenyewe ataupenda. Uzito ukiendelea kushuka au kimo kikisimama, daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kupendekeza mapumziko wakati wa likizo ya Juni na ya Desemba. Mapumziko hayo yakipangwa ni tiba. Siku za kuruka ovyo, leo unampa kesho humpi, zinakunyima wewe na daktari nafasi ya kujua dawa inafanya nini, na kwa mtoto kila siku inakuwa ngeni.

Usingizi. Nikuulize hili: kabla ya Januari alikuwa analala saa ngapi? Watoto wengi wenye ADHD walikuwa wanachelewa kulala hata kabla ya kidonge cha kwanza, na mzazi amesahau. Kama alikuwa analala saa tatu na sasa ni saa tano, basi kidonge cha saa nane kina mkono hapo, na kukisogeza mapema kunaweza kumaliza habari hiyo. Lakini angalia na kikombe. Nyumba nyingi zetu mtoto anakunywa chai ya rangi kali na chakula cha usiku, wengine kahawa ya baba. Chai na kahawa ni vichangamshi, kama ilivyo Ritalin, na soda nyeusi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka ndivyo vibaya zaidi. Viondoe kuanzia adhuhuri. Simu na televisheni vizimwe saa moja kabla ya kulala, aoge maji ya uvuguvugu, alale saa ileile hata siku za wikendi. Kuna nyumba nimeona shida ilikuwa joto na mbu tu, chandarua kimetoboka.

Kichwa na tumbo ukiyasikia, mara nyingi ni njaa na kiu ya shuleni, maji ya kunywa na kifungua kinywa vinatosha. Ila mtoto akiwa na homa usiilaumu dawa ya ADHD. Kapime malaria kwanza. Na ukienda kununua dawa ya mafua mwambie mfamasia mtoto anatumia nini, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzibua pua nazo huongeza mapigo ya moyo.

Sasa mama mkwe. Usimdharau, kwa sababu sehemu ya anachosema kina asili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili umeiweka methilfenidati katika orodha yake ya pili, ndiyo maana mfamasia anaifungia na kudai cheti kila mara. Mtu mzima akiisaga na kuivuta puani, au akimeza nyingi ili alewe, anaitumia kama dawa ya kulevya. Lakini kidonge kinachomezwa kwa kipimo cha daktari kinapanda polepole, hakimlevyi mtoto, na tafiti hazijaonyesha kwamba mtoto aliyetibiwa hivi anakua na hatari kubwa zaidi ya uraibu kuliko mwenzake mwenye ADHD ambaye hakutibiwa. Wala si jaribio la juzi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, kwenye hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 Benzedrine, dawa ya jamii hii, na 14 kati yao wakabadilika kwa namna ya kustaajabisha darasani. Methilfenidati yenyewe ilitengenezwa Basel, Uswisi, mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na Ritalin imechukua jina la mkewe, Rita.

Ningekushauri umchukue mama mkwe mwende naye kliniki. Aulize maswali yake mwenyewe, ajibiwe kwa heshima. Bibi anayeachwa nje atapiga vita dawa jikoni kila siku, na mtoto atasikia. Bibi aliyekaa mbele ya daktari mpe kazi ya sahani ya saa mbili usiku, iwe yake yeye na mjukuu wake. Nimeona kilo zikirudi kwa mikono ya bibi. Na vidonge, weka mahali palipofungwa, uvihesabu. Kama kuna vijana wakubwa nyumbani, hasa anayetafuna mirungi, waambie waziwazi kwamba mirungi ina kichangamshi chake, kathinoni, na viwili hivyo vikikutana moyo na presha vinaweza kupanda vibaya.

Kama nyumba yenu ni ya kufunga, Ramadhani itakapokaribia zungumza na daktari mapema. Mtoto wa miaka 9 hajawajibika, lakini najua anavyotaka kufunga kama wakubwa. Kwa uzito alionao sasa, mimi ningemwomba asubiri.

Yapo yale yasiyongoja tarehe ya kliniki. Kuzimia, maumivu ya kifua au kukata pumzi akikimbia, moyo kwenda mbio akiwa amekaa tu, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, kusema anataka kufa, uume kusimama kwa maumivu bila kulala: ukiona mojawapo usimpe kidonge kinachofuata, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, na hukuulizwa habari hiyo Januari, iseme sasa.

Nimebakiza kuimba kwa sababu ndiko kunakoniuma. Mtoto aliyetulia humfurahisha mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani, na sifa hizo zinaweza kutufanya tusione kilichopotea. Dawa ya ADHD ikikaa sawasawa, mtoto anabaki yuleyule, mcheshi ni mcheshi, mwimbaji anaimba, ila sasa anaweza kumaliza anachokianza. Akiwa mkavu, macho yametulia mahali pamoja, hacheki mpaka achekeshwe, mara nyingi kipimo kimezidi au dawa hiyo si yake. Hapo kipimo hushushwa, na isiposaidia zipo nyingine, hata zisizo za jamii ya vichangamshi kama atomoksetini, ingawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona kazi yake.

Lakini wewe, bila kukusudia, una ushahidi ambao daktari hana. Zile siku ulizoacha kumpa, aliimba? Kumbuka vizuri. Kama siku zisizo na dawa anaimba na siku za dawa yuko kimya asubuhi, saa mbili mpaka saa nne, wakati dawa imejaa, hicho ni kipimo cha kuangaliwa. Kama ukimya ni wa magharibi tu, ni kupwa, na saa ikirekebishwa huenda utaondoka. Ila kama haimbi hata siku zisizo na dawa, tafuta kwingine. Huenda kuna anayemwonea shuleni, huenda amesikia bibi na mama wakizozana juu yake, huenda ana huzuni inayohitaji kutazamwa yenyewe.

Kwa hiyo swali lako, niendelee au niache: usiache kimyakimya, na usiendelee hivihivi. Mpigie daktari wake leo au kesho. Mwambie siku ulizoruka, kwa maneno uliyoniambia mimi. Hakuna daktari wa watoto ambaye hajasikia hayo, na bila habari hiyo anaweza kupandisha kipimo cha mtoto ambaye hakipati. Beba madaftari, namba za uzito, na karatasi yenye saa za kidonge, chakula, hasira na usingizi kwa siku saba. Mwombe ampime presha, mapigo na kimo. Na lile la kuimba liseme la kwanza, mtoto akiwa bado mlangoni, kabla hajavua viatu kupanda mizani.